Mababu wa Kimennonite Hawaonekani Kwenye Hifadhidata? Anza Kuchunguza Hapa

Umeandika jina la babu yako kwenye hifadhidata ya nasaba, umebonyeza kitufe cha kutafuta, na jibu ni kwamba hakuna mtu kama huyo. Au majibu yamemwagika: watu mia na zaidi wenye jina lilelile, wamezaliwa vijiji jirani, wameoa akina Maria na akina Katharina, na watoto wao nao ni Johann na Peter. Wengi huishia hapo wakiamini kwamba ukoo wao haukuandikwa. Kwa Wamennonite wa Ulaya, Wakristo wa dhehebu linalobatiza watu wanapokiri imani wenyewe, na uzao wao hilo ni nadra. Hawa ni watu walioishi pamoja, wakahama kwa makundi, wakaoana wenyewe kwa wenyewe kwa karne kadhaa, na wazee wa makanisa yao wakaweka madaftari. Mara nyingi mtu wako yumo. Ila anayetafuta jina moja peke yake hupotea, na anayetafuta nyumba nzima, yaani mume, mke, watoto, kijiji na mwaka, ndiye anayefika. Karibu kila dawa iliyo hapa chini inatokana na jambo hilo.

Dalili: hakuna jibu lolote

Kabla hujagusa tahajia, hakikisha uko kwenye hifadhidata inayomhusu mtu wako. Wamennonite wana mikondo miwili mikubwa ambayo kwa karne nyingi nasaba zake hazikuchanganyika sana. Mkondo wa kwanza ulitoka Uholanzi, Flanders na kaskazini mwa Ujerumani katika karne ya 16, ukatulia kwenye delta ya mto Vistula karibu na Danzig, katika Poland ya leo. Kuanzia 1789 watu wake wakaanza kuhamia Urusi ya kusini, ambayo leo ni Ukraine: kwanza koloni la Chortitza, kisha Molotschna tangu 1804. Huko ndiko walikopita akina Friesen, Wiebe, Penner, Dyck, Klassen, Toews, Reimer na Loewen, na uzao wao leo umetapakaa Kanada, Marekani, Mexico, Paraguay na Ujerumani. Mkondo wa pili ulianzia Uswisi, ukapita Alsace (leo Ufaransa) na Palatinate (Ujerumani) hadi Pennsylvania, Marekani, ambako makazi ya Lancaster yalianza 1710. Hao ni akina Landis, Hershey, Brubaker, Eby, Shenk na Stauffer.

Hifadhidata inayojulikana kuliko zote, GRANDMA, inasimamiwa na California Mennonite Historical Society ya Fresno, na ilijengwa kwa ajili ya mkondo wa kwanza. Ukitafuta humo ukoo wa Lancaster utaambulia kidogo mno. Kwa mkondo wa Uswisi, nenda kwa Swiss Anabaptist Genealogical Association, kwa kifupi SAGA.

Kwa msomaji wa Tanzania tofauti hii ina uzito wake. Wamisionari wa kwanza wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934, Elam Stauffer akiwa miongoni mwao, walitumwa na Wamennonite wa Pennsylvania. Anayefuatilia koo za wamisionari wa Shirati, Mugango au Bumangi na aanze upande wa Uswisi, asipoteze jioni nzima akiwatafuta kati ya watu wa Chortitza. Naye Mmennonite wa Musoma ambaye mababu zake ni Wajaluo, Wakurya au Wajita asishangae kutowakuta popote humo. Nasaba yake imo kwenye madaftari ya Kanisa la Mennonite Tanzania na vinywani mwa wazee. Hifadhidata hizi hazikuikusanya, na natamani sana kuona vijana wa Mara wakiianza kazi hiyo wakati wazee bado wapo.

Ukishajua uko mahali pake, geukia tahajia. Watu wa mkondo wa Vistula walizungumza Kijerumani cha Chini nyumbani, wakasali kwa Kiholanzi na baadaye kwa Kijerumani, wakaandikishwa na makarani wa Kipolandi, Kiprusi na Kirusi, halafu na makarani wa Kiingereza bandarini Quebec na New York. Kila karani aliandika alivyosikia. Dyck ni Dueck, Dück, Dick na Dyk. Klassen ni Claassen na Klaassen. Janzen ni Jantzen, Jansen na Janssen. Thiessen hupoteza h ikawa Tiessen. Herufi zenye nukta mbili juu husumbua zaidi: Töws huwa Toews, Tows au Tews, na Löwen huwa Loewen au Lowen. Mifumo mingi hukubali alama ya nyota kushika nafasi ya herufi usizozijua, kwa hiyo jaribu T*ws au Kla*en kabla hujasema jina halipo. Upande wa Uswisi mambo ni yaleyale: Eby alikuwa Aebi, na Shenk huandikwa pia Schenk au Shank.

Ikiwa rekodi yako imepitia Kirusi, mabadiliko ni makubwa zaidi ila yana utaratibu. Alfabeti ya Kirusi haina herufi ya H, hivyo Hiebert huandikwa Gibert, Harder huwa Garder, na Heinrich huwa Genrikh. W hugeuka V: Wiebe ni Vibe, Wiens ni Vins. Mchungaji wa Kibaptisti Georgi Vins, aliyefungwa na utawala wa Kisovieti na kutolewa kwenda Marekani mwaka 1979, ni wa ukoo huohuo wa Wiens. Majina ya kwanza nayo yalibadilishwa. Johann aliitwa Ivan, na Heinrich mara nyingi aliitwa Andrei, jambo ambalo hakuna anayelikisia mwenyewe. Ukiwa na hati ya mtu aliyehamia Ujerumani kutoka Kazakhstan, nayo inasema Andrei Andreevich, mtafute kama Heinrich mwana wa Heinrich.

Kuna pia makosa ya kunakili. Madaftari ya zamani yaliandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani ambao e yake hufanana na n, na n hutofautiana na u kwa kijikunjo kidogo tu juu yake. Ukikutana na jina la ukoo usilolijua kabisa katika kijiji cha watu unaowajua, badili e iwe n, na n iwe u, uone kama jina la kawaida litajitokeza. Hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kama unamtafuta mwanamke, usitumie jina la mume. Wanawake huwekwa chini ya ukoo waliozaliwa nao. Kwenye makaburi na matangazo ya vifo ya Kijerumani ukoo huo hufuata kifupisho geb., kwa hiyo Anna Wiebe geb. Penner anatafutwa kama Anna Penner. Na jina ambalo wajukuu walimwita bibi siyo lililo daftarini: Neta ni Aganetha, Tina na Trienke ni Katharina, Lena ni Helena, Greta ni Margaretha, Sus ni Susanna.

Sababu ya mwisho ni ya faragha. Mifumo hii huficha watu walio hai, kwa hiyo wewe, wazazi wako na pengine babu yako hamtaonekana. Anzia kwa mtu ambaye kifo chake kinajulikana na mwaka wake uko wazi, kisha rudi nyuma.

Dalili: majibu ni mengi mno

Hili ndilo tatizo lenyewe la nasaba ya Kimennonite, na ndipo ninapomsihi mtafutaji apunguze mwendo. Koo ni chache, majina ya kwanza ni machache zaidi: Johann, Jacob, Peter, Heinrich, Abraham, Cornelius, Gerhard; Anna, Maria, Katharina, Helena, Margaretha, Sara. Watoto walirithi majina ya babu na bibi, hivyo binamu wanne wa kijiji kimoja waliweza kuwa wajina, wamezaliwa ndani ya miaka mitano. Kumchagua mmoja kwa kuwa mwaka wake unakaribiana na wako ni kucheza bahati nasibu.

Tuseme unamtafuta Peter Friesen. Unachojua ni kwamba alifia Manitoba, jimbo la Kanada, mkewe aliitwa Aganetha, na watoto wao wanne walikuwa Johann, Maria, Klaas na Peter. Mwache Peter Friesen kabisa. Jina lake na la mwanawe Johann ndizo taarifa dhaifu kuliko zote ulizo nazo. Zenye nguvu ni Aganetha na Klaas. Tafuta Klaas Friesen aliyezaliwa kati ya, tuseme, 1860 na 1880, na kama fomu ina nafasi ya jina la baba na la mama, weka Peter na Aganetha bila ukoo wa mama. Mia wanaweza kushuka wakawa watatu au wanne. Sasa fungua kila nyumba usome watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nyumba yenye Johann, Maria, Klaas na Peter kwa mfuatano unaolingana na simulizi za nyumbani inastahili kuchunguzwa zaidi. Yenye Klaas tu haitoshi.

Kisha ijaribu nyumba hiyo kwa safari. Wamennonite wapatao 7,000 walihamia Manitoba kati ya 1874 na 1880, na orodha za abiria wa meli walioshukia Quebec zipo. Abiria huorodheshwa familia kwa familia pamoja na umri. Watoto waliozaliwa kabla ya safari wawe wamezaliwa Urusi, waliofuata wawe wamezaliwa Manitoba. Ukiona mtoto wa 1872 amezaliwa Manitoba, kuna kitu kimechanganywa.

Herufi ya katikati nayo husaidia kuliko watu wanavyofikiri. Huko Kanada na Marekani, K. katika jina kama Abram K. Penner mara nyingi siyo jina lake la pili. Huweza kuwa herufi ya kwanza ya ukoo wa mama, kwa mfano Klassen, au ya jina la baba, kwa mfano Klaas au Kornelius. Desturi ilitofautiana baina ya jamii na jamii, kwa hiyo jaribu zote mbili. Kaka zake wakiwa nao wana K. katikati, huo ni ushahidi mzuri kwamba ni watoto wa wazazi walewale.

Ukimpata, andika namba yake. GRANDMA humpa kila mtu namba yake, na kati ya akina Peter Friesen wote hao namba ndiyo pekee isiyo na wajina. Unapomwandikia jamaa au mtafutaji mwenzako, taja namba hiyo pamoja na jina.

Dalili: mtu ni yeye, lakini tarehe hazilingani

Tofauti ya siku 11, 12 au 13 isikutie wasiwasi. Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi hadi 1918, ambapo siku iliyofuata Januari 31 ilihesabiwa kuwa Februari 14. Tofauti na kalenda tunayotumia sasa ilikuwa siku 11 katika karne ya 18, siku 12 katika karne ya 19, na siku 13 katika karne ya 20. Aliyezaliwa Desemba 25, 1860 kwa hesabu ya Kirusi ameandikwa Kanada kuwa amezaliwa Januari 6, 1861. Siku na mwezi na mwaka vyote vimebadilika, na mtu ni yuleyule. Wengine walibadili tarehe walipohama, wengine wakabaki na ya zamani hadi kaburini, na wengine wakabadili mara mbili kwa bahati mbaya. Usisahihishe tarehe mpaka ujue imeandikwa kwa kalenda ipi.

Tofauti ya miaka ishirini ni jambo jingine, na humkuta hasa aliyelelewa katika makanisa yanayobatiza watoto wachanga. Wamennonite hubatiza mtu anapokiri imani mwenyewe. Daftari likisema alibatizwa 1842, usihesabu kwamba alizaliwa mwaka huo. Katika jamii za Urusi wengi walibatizwa wakikaribia au wakipita kidogo miaka 20, kwa hiyo mtafute kuanzia 1819 hadi 1825.

Dalili: kijiji hakionekani kwenye ramani, au kiko sehemu tatu

Danzig sasa ni Gdańsk, Elbing ni Elbląg, Marienburg ni Malbork. Halbstadt ya Molotschna ni Molochansk, na Chortitza ya zamani imo ndani ya jiji la Zaporizhzhia. Hilo ramani yoyote ya kihistoria italimaliza. Gumu ni kwamba wahamiaji walibeba majina ya vijiji vyao. Rosenort ilikuwako Prussia (dola ya Kijerumani iliyokuja kutawala delta ya Vistula), ikawako Molotschna, ikawako Manitoba. Blumenort vivyo hivyo. Usikubali jina la kijiji lisilo na koloni au nchi pembeni yake. Ukikuta lipo peke yake, mwaka ndio utakaoamua: hakuna aliyezaliwa Rosenort ya Molotschna kabla ya 1804, kwa sababu koloni lenyewe halikuwapo.

Dalili: familia ina kasoro

Watoto wawili wanaoitwa Johann, baba mmoja, mama mmoja. Mara nyingi wa kwanza alifariki mdogo, na jina akapewa aliyefuata. Usiwaunganishe. Kama wa kwanza hana tarehe ya kifo, tazama kama yumo kwenye sensa au orodha ya meli iliyofuata.

Mtoto aliyezaliwa miaka minne baada ya baba kufa, au mama mwenye watoto kwa miaka thelathini mfululizo, ni ishara ya ndoa ya pili. Shamba halikuendeshwa na mtu mmoja, hivyo wajane na wagane waliolewa au kuoa upya haraka, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Nyumba moja iliweza kuwa na watoto wa mume kwa mke wa kwanza, watoto wa mke kwa mume wa kwanza, na waliozaliwa na wote wawili. Ukisoma sensa kwa haraka utampa mtoto wa kambo ukoo usio wake. Mtazame kila mtoto na umri wake dhidi ya tarehe ya ndoa kabla hujamweka chini ya baba yeyote.

Dalili: mtu mmoja ana kurasa mbili, au ukurasa mmoja una watu wawili

Data hizi zimeletwa na familia nyingi, na marudio hayakwepeki. Kurasa mbili si hatari, kwani zikithibitishwa huunganishwa. Hatari ni watu wawili waliofanywa mmoja, maana kosa hilo hushuka hadi kwa kila mjukuu. Dalili yake ni mtu mwenye wake wawili kwa wakati mmoja, au watoto waliozaliwa Molotschna na Kansas mwaka uleule. Soma sehemu ya maelezo uone kila tarehe imetoka wapi. Ingizo lenye daftari la kanisa nyuma yake nalipa uzito mkubwa. Lisilo na chanzo nalichukua kama fununu, hata liwe limenakiliwa kwenye miti ya ukoo hamsini, kwa sababu mara nyingi hiyo hamsini imetoka kwenye mti mmoja. Unapotuma sahihisho kwa wasimamizi, weka namba za wahusika na picha ya hati yenyewe. Maneno "nyumbani tunasema hivi" hayawasaidii.

Dalili: mstari unakatika

Ukikatikia karne ya 18 huko Prussia, huenda umefika mwisho halali. Makanisa mengi ya delta ya Vistula hayana madaftari yanayorudi nyuma zaidi, na sensa ya Wamennonite ya 1776 humtaja kwa jina mkuu wa kaya tu. Wana na mabinti wamo kama idadi. Hapo huwezi kumsoma mtoto kwa jina, ila unaweza kuona kama idadi ya wana na mabinti inakubaliana na familia unayoidhania. Wachache hupatikana pia katika madaftari ya parokia za Kikatoliki na Kilutheri za eneo hilo, kwa hiyo yatazame kabla hujafunga jalada.

Ukikatikia miaka ya 1930 huko Ukraine, sababu ni nyingine, na inauma. Wanaume wengi wa vijiji hivi walikamatwa na utawala wa Kisovieti mwaka 1937 na 1938 wasirudi, na mwaka 1941 maelfu walihamishwa kwa nguvu kwenda Kazakhstan na Siberia. Baba hana tarehe ya kifo kwa sababu familia haikuambiwa. Usijaze nafasi hiyo kwa makisio. Andika "alikamatwa" na mwaka, kama familia inaujua.

Lakini usiishie hapo. Wamennonite wapatao 35,000 waliondoka Ukraine mwaka 1943 pamoja na jeshi la Ujerumani lililokuwa likirudi nyuma, na wengi wao waliandikishwa na ofisi ya Kijerumani iliyoitwa Einwandererzentralstelle. Mafaili yake, yanayojulikana kwa kifupi EWZ, yana nakala za maikrofilamu katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Fomu zake ziliuliza majina ya wazazi na ya babu na bibi, pamoja na mahali na tarehe za kuzaliwa. Wanaume walipokuwa wametoweka, ni wanawake waliojibu, na majibu yao hurudi nyuma hadi katikati ya karne ya 19. Mtafute mama, dada zake na kila mtoto aliyekuwa mtu mzima wakati huo, kila mmoja kwa tahajia ya Kijerumani, maana faili la mmoja huweza kukosa kile ambacho la dada yake linacho. Ukipata majina ya babu na bibi waliozaliwa Molotschna au Chortitza kwenye 1850, rudi nayo GRANDMA, uwatafute wote wanne pamoja na vijiji vyao.